Upigaji picha za watu kwenye jua kali

Upigaji picha za watu kwenye jua kali ni kazi ya kupiga picha za sura za watu nje ya jengo wakati jua liko juu na anga halina mawingu, kwa namna ambayo uso unaonekana vizuri na katika rangi yake halisi. Wengi hudhani kwamba mwanga mwingi hurahisisha kazi hii, lakini kwa kawaida mambo huwa kinyume. Ugumu wenyewe hautokani na wingi wa mwanga. Unatokana na mambo matatu: mwanga hutoka sehemu moja ndogo, hutoka juu, na tofauti kati ya sehemu zenye jua na zenye kivuli huwa kubwa kuliko kamera inavyoweza kuhimili.

Katika Afrika ya Mashariki jambo hili lina uzito wa pekee. Harusi, mahafali, ubatizo na sherehe nyingine nyingi hufanyika mchana, na mpiga picha hana uwezo wa kuahirisha shughuli hadi jioni. Kwa hiyo ni lazima ajue namna ya kuutawala mwanga alioukuta.

## Tabia ya mwanga wa jua

Jua ni kubwa sana, lakini likitazamwa kutoka duniani linachukua takriban nyuzi 0.5 tu za anga. Chanzo cha mwanga kinachoonekana kidogo namna hiyo hutoa vivuli vyenye kingo kali. Chanzo kinachoonekana kikubwa hutoa vivuli laini, kwa sababu mwanga hukifikia kitu kutoka pande nyingi. Wingu linapolifunika jua, anga lote huwa chanzo cha mwanga, na vivuli hulainika au kutoweka.

Jua likiwa juu, paji la uso, pua na mashavu hupata mwanga mkali, huku tundu za macho, sehemu iliyo chini ya pua na shingo zikiwa gizani. Macho huzama katika vivuli na kila kasoro ya ngozi huonekana zaidi. Mtu akigeuzwa alitazame jua ili uso upate mwanga, hufinya macho na kukunja uso.

Mahali penye jua la moja kwa moja mchana hupata mwanga wa takriban luksi 100,000. Kivuli kilicho karibu, kinachopata mwanga wa anga peke yake, huwa na kati ya luksi 10,000 na 20,000. Jicho la binadamu hujirekebisha haraka, hivyo mtu huona sehemu zote mbili bila shida. Kamera hulazimika kurekodi zote kwa kipimo kimoja. Ikipima mwanga kwa ajili ya sehemu zenye jua, vivuli huwa vyeusi; ikipima kwa ajili ya vivuli, sehemu zenye jua huwa nyeupe tupu.

## Jua la tropiki na saa za kupiga picha

Vitabu vingi vya upigaji picha vimeandikwa Ulaya na Marekani, na ushauri wake kuhusu saa hauwafai moja kwa moja watu wanaoishi karibu na ikweta. Mjini London, jua la saa sita mchana mwezi Desemba huinuka nyuzi 15 tu juu ya upeo wa macho, na mwezi Juni hufika takriban nyuzi 62. Dar es Salaam, mwezi Juni, wakati jua la mchana liko chini kuliko miezi mingine yote, bado hufika takriban nyuzi 60. Yaani jua la chini kabisa la mchana Dar es Salaam linakaribiana na jua la juu kabisa la London.

Mara mbili kwa mwaka jua hupita utosini kabisa. Kwa Dar es Salaam hilo hutokea mwanzoni mwa Machi na karibu na tarehe 10 Oktoba. Kwa Nairobi, katikati ya Machi na mwishoni mwa Septemba. Kwa kuwa saa za Afrika ya Mashariki hufuata longitudo ya nyuzi 45 Mashariki, na miji hiyo iko magharibi yake, jua hufika kileleni baada ya saa sita kamili, mara nyingi karibu na saa sita na nusu.

Kipimo rahisi cha ukali wa jua ni kivuli cha mtu mwenyewe. Kivuli kikiwa kifupi kuliko urefu wake, jua liko juu ya nyuzi 45, na vivuli vibaya vya uso vitaonekana. Kivuli kikilingana na urefu wake, jua liko nyuzi 45. Kikiwa kirefu zaidi, mwanga umeanza kuingia machoni kutoka upande. Kipimo hiki kinafahamika tangu zamani kwa Waislamu wa pwani: kwa madhehebu ya Shafii, wakati wa sala ya alasiri huanza pale kivuli cha kitu kinapolingana na urefu wake, ukiongezwa urefu wa kivuli kilichokuwapo jua lilipokuwa kileleni. Kwa hiyo alasiri inapoingia, jua limekwisha kushuka hadi nyuzi 45 au chini yake.

Mwanga mzuri zaidi, ule wa rangi ya dhahabu, hupatikana jua likiwa chini ya nyuzi 6 hivi. Karibu na ikweta kipindi hicho ni kifupi, kwa sababu jua hushuka karibu wima. Mwezi Machi au Septemba jua huchukua takriban dakika 24 kushuka nyuzi 6 za mwisho, ilhali London huchukua dakika 39 hivi. Mpiga picha wa ikweta anayetegemea jioni peke yake ana muda mfupi wa kazi, na hiyo ni sababu nyingine ya kujifunza kufanya kazi mchana.

## Historia

Wapiga picha wa kwanza hawakulikwepa jua, bali walilihitaji. Mwaka 1839 Robert Cornelius alijipiga picha nje ya duka la familia yake mjini Philadelphia, Marekani, na picha hiyo ni miongoni mwa picha za kwanza kabisa za sura ya mtu. Kemikali za wakati ule zilihitaji mwanga mwingi, na mtu alilazimika kutulia kwa dakika kadhaa.

Studio za karne ya 19 zilijengwa kwa paa au dirisha kubwa la vioo. Katika nchi za kaskazini ya dunia, vioo vilielekezwa kaskazini ili jua lenyewe lisiingie, bali mwanga wa anga tu. Mapazia yalitumika kupunguza au kuongeza mwanga upande mmoja wa uso. Kanuni hiyo, yaani kulizuia jua na kulitumia anga, ndiyo msingi wa mbinu nyingi za leo.

Nchini Mali, Seydou Keïta alifungua studio yake mjini Bamako mwaka 1948 na kupiga picha nyingi uani kwa mwanga wa kawaida wa mchana. Nyuma ya wateja alitundika kitambaa, na cha kwanza kilikuwa tandiko la kitanda chake mwenyewe. Picha hizo sasa zinahesabiwa kati ya kazi kubwa za upigaji picha za karne ya 20. Mmarekani Irving Penn naye alitumia hema la kusafiri kama studio, ikiwemo Dahomey (sasa Benin) mwaka 1967. Hema lililizuia jua na kuacha mwanga laini uingie kutoka upande uliofunguliwa.

## Mbinu

### Kutumia kivuli

Mbinu rahisi kuliko zote ni kumhamishia mtu kivulini. Hata hivyo, si kila kivuli kinafaa. Kivuli bora ni kile ambacho kimefunikwa juu na kufunguliwa mbele, kama baraza la nyumba, mlango mpana au upenu. Mtu husimama ndani kidogo ya ukingo wa kivuli na kutazama nje. Paa huzuia mwanga wa juu, na anga lililo mbele huangaza uso na kuweka nuru ndogo katika mboni za macho. Mtu akirudi nyuma sana, mwanga hupungua na macho hupoteza nuru hiyo.

Vichochoro vya Mji Mkongwe wa Zanzibar na vya Lamu ni mfano mzuri. Kuta ndefu huzuia jua, na ukuta wa upande wa pili uliopakwa chokaa na kupigwa na jua hurudisha mwanga laini kwa mtu aliyesimama kivulini.

Kivuli cha mti kina hatari yake. Mwembe wenye majani mengi hutoa kivuli kizuri, lakini mti wenye majani machache hupitisha madoa ya mwanga yanayotua usoni na mabegani. Mpiga picha huhakikisha kwamba hakuna doa hata moja usoni kabla ya kupiga. Pia rangi ya vitu vilivyo karibu huathiri ngozi: nyasi hurudisha mwanga wenye ukijani, udongo mwekundu hurudisha wekundu, na ukuta wa buluu huufanya uso uonekane wa mgonjwa.

### Kuligeuzia jua mgongo

Pasipo kivuli, mtu anaweza kusimama jua likiwa nyuma yake. Hivyo uso wote huwa katika kivuli cha mwili wake mwenyewe, hafinyi macho, na jua huchora mstari wa mwanga kwenye nywele na mabega. Mwanga hupimwa kwa ajili ya uso, na mandhari ya nyuma huachwa yawe meupe kiasi. Ni vizuri kutafuta mandhari yenye giza, kama miti au ukuta wenye kivuli, badala ya anga. Jua likiingia kwenye lenzi, picha hufunikwa na ukungu wa mwanga; mkono au kofia ya lenzi huzuia hali hiyo.

Mbinu hii hufanya kazi jua likiwa limeinama. Likiwa utosini, hakuna upande ulio "nyuma" yake: mwanga hushuka kwenye pua na mashavu popote mtu atakapogeukia. Hapo ni lazima kuzuia mwanga wa juu kwa mwavuli, kofia pana au kitambaa. Kama hakuna chochote, mpiga picha anaweza kupanda juu ya ngazi au kiti, na mtu ainue uso kuelekea kamera huku akifumba macho hadi dakika ya kupigwa. Uso ulioinuliwa hupata mwanga ulio sawa zaidi, na tundu za macho hazibaki gizani.

### Kurudisha mwanga

Kirudishi mwanga ni kitu chochote cheupe au chenye kung'aa kinachoelekeza mwanga wa jua kwenye vivuli vya uso. Vipo vya kununua, lakini kanzu nyeupe ya mtu aliyesimama karibu, shuka, karatasi ya manila au boksi lililofunikwa kwa karatasi ya fedha hufanya kazi hiyohiyo. Cheupe hutoa mwanga laini. Cha rangi ya fedha hutoa mwanga mkali unaofika mbali. Cha dhahabu huongeza ujoto wa rangi.

Kirudishi kikiwekwa chini sana, uso huangazwa kutoka kidevuni na kutisha kama wa mtu aliyeshika tochi gizani. Kikiwekwa usawa wa kifua na kuinamishwa kidogo, vivuli vya macho hujaa bila kuonekana kwamba kuna kilichofanywa. Mchanga mweupe wa ufukweni hufanya kazi hiyo wenyewe. Mtu akikaa juu yake, vivuli vya chini ya macho hupungua.

### Kuchuja mwanga

Kitambaa cheupe chepesi kikishikwa kati ya jua na mtu hugeuka kuwa chanzo kipya cha mwanga kilicho kikubwa na laini. Pazia jepesi, shuka lililoshikwa na watu wawili au mwavuli mweupe vinatosha. Kadiri kitambaa kinavyokuwa karibu na mtu, ndivyo kinavyoonekana kikubwa kwake na ndivyo vivuli vinavyolainika. Kitambaa cha rangi hakifai, kwa kuwa rangi yake itahamia usoni; wateja wengi wanaopigwa picha chini ya turubai la buluu au la kijani la sherehe hushangaa baadaye kuona nyuso zao.

### Flashi

Watu wengi huitumia flashi usiku tu, lakini ina faida kubwa mchana. Kazi yake ni kujaza vivuli, si kulishinda jua. Kwa kawaida huwekwa iwe dhaifu kuliko mwanga wa jua kwa hatua moja au mbili. Umbali ni muhimu: mtu akiwa mbali mara mbili, mwanga wa flashi unaomfikia hupungua mara nne. Flashi ndogo ya kamera haisaidii kundi la watu lililo mbali.

## Mipangilio ya kamera

Wapiga picha wa filamu walitumia kanuni isiyohitaji kipimo chochote: kwenye jua kali, tundu la lenzi liwe f/16 na kasi ya shata ilingane na unyeti wa filamu. Kwa ISO 100, kasi ni takriban 1/125 ya sekunde. Kwenye kivuli kilicho wazi, tundu hufunguliwa kwa hatua tatu hivi, hadi f/5.6.

Anayetaka mandhari ya nyuma yawe na ukungu hufungua tundu zaidi, na lazima aongeze kasi kulingana nalo. Kutoka f/16 hadi f/2.8 ni hatua tano. Hivyo kasi hupanda kutoka 1/125 hadi 1/4000. Kwa kuwa kamera nyingi haziwezi kutumia flashi kwa njia ya kawaida kwa kasi inayozidi 1/200 au 1/250, anayetumia flashi juani hulazimika kubana tundu hadi f/11 hivi au kuweka mbele ya lenzi kichujio cha kupunguza mwanga.

Kamera ya kidijitali ikipoteza sehemu zenye mwanga mkali, haiwezi kuzirudisha, lakini vivuli vinaweza kuangazwa baadaye kwa kiasi. Kwa hiyo hupimwa hivi: sehemu yenye mwanga mwingi zaidi usoni isiungue, yaani isiwe nyeupe tupu. Kwenye simu janja, mpiga picha hugusa uso kwenye skrini ili simu ipime hapo, kisha huongeza au kupunguza mwanga kwa kutelezesha kidole.

Rangi ya mwanga nayo hubadilika. Jua la mchana lina takriban kelvini 5,500. Kivuli kinachopata mwanga wa anga la buluu hufika kelvini 7,000 au zaidi, na picha huwa na ubuluu. Mpangilio wa "kivuli" katika kamera hurekebisha hali hiyo.

## Rangi ya ngozi

Kipimo cha mwanga katika kamera hudhani kwamba kilicho mbele yake kina ukijivu wa wastani. Mtu mwenye ngozi nyeusi akisimama mbele ya ukuta mweupe, kamera huona weupe mwingi, hupunguza mwanga, na uso huwa giza. Bibi harusi mwenye gauni jeupe lililojaza picha hupatwa na tatizo hilohilo. Dawa yake ni kupima mwanga usoni, au kuongeza hatua moja hivi kwa mkono. Kinyume chake, mtu aliyejaza picha akiwa mbele ya mandhari meusi huweza kuangazwa kupita kiasi na kuonekana amepauka.

Tatizo hili lina historia. Kuanzia katikati ya karne ya 20, kampuni ya Kodak ilizipa maabara kadi za kupimia rangi zenye picha ya mwanamke mweupe. Ziliitwa kadi za Shirley, kwa jina la Shirley Page, mfanyakazi wa Kodak aliyepigwa picha ya mwanzo. Maabara zilipolinganisha rangi na kadi hizo, ngozi nyeusi haikuwa sehemu ya kipimo. Katikati ya miaka ya 1990 Kodak ilitoa kadi yenye wanawake wa rangi tofauti. Mwaka 2021 Google ilitangaza marekebisho ya kamera za simu zake yaliyoitwa Real Tone, yenye lengo la kuonyesha ngozi nyeusi kwa usahihi zaidi.

Ngozi nyeusi hupendeza hasa kwa mng'ao wake, ambao huonyesha umbo la uso. Chini ya chanzo kikubwa cha mwanga, mng'ao huo huenea taratibu. Chini ya jua kali huwa madoa meupe, hasa penye jasho au mafuta. Kitambaa au karatasi laini ya kufutia uso ni kifaa cha lazima. Kundi lenye watu wa rangi mbalimbali hupigwa vizuri zaidi katika kivuli kimoja, huku wenye ngozi nyeusi zaidi wakiwekwa upande unaopata mwanga mwingi.

Kuangaza uso uliozama kivulini ni kurekebisha mwanga. Kumpausha mtu kwa programu hadi asifanane na alivyo ni kubadilisha sura yake. Picha nzuri ni ile ambayo mwenye nayo, na wajukuu wake baadaye, watamtambua bila kuambiwa ni nani.

## Afya na heshima

Wazee, watoto wachanga na wajawazito hawapaswi kusimamishwa juani wakati kamera inatayarishwa. Mpiga picha hupanga kila kitu kwanza, akimtumia msaidizi kupima mwanga, kisha humwita mhusika. Watu wenye ualbino wanahitaji uangalifu zaidi: ngozi yao huungua haraka na wako katika hatari kubwa ya saratani ya ngozi, na macho yao huumizwa na mwanga mkali. Kwao kivuli ni jambo la afya kabla ya kuwa jambo la urembo, na flashi hutumika kwa idhini yao tu.

Ni hatari kulitazama jua kupitia kitundu cha kamera chenye lenzi, hasa lenzi ya kuvuta mbali, kwani huweza kuharibu jicho.

## Tazama pia

- Kamera
- Jua
- Mwanga
- Ualbino
- Upigaji picha